Ndege Ikipita Juu ya Majanichai: Namna ya Kukadiria Kimo Chake

Wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, helikopta ilipita juu ya kituo chetu cha kununulia majanichai upande wa Konoin, Kaunti ya Bomet. Tulikuwa watu kama ishirini, magunia yamepangwa foleni, lori la kiwanda halijafika. Ilipozama tu nyuma ya mikaratusi, ubishi ukazuka. Mama mmoja aliapa kwamba vyuma vyake vya chini vimepangusa vilele vya miti. Kijana wa bodaboda akasema ilikuwa juu mita mia tano. Karani wa mizani akasema hamsini, wala haizidi. Mzee aliyekuwa amekalia gunia lake alisema neno moja tu: "Ya leo imepita chini kuliko ya jana."

Wote walikuwa watu wakweli, na wote walikuwa wametazama kitu kimoja. Mpwa wangu alikuwa ameipiga video kwa simu. Jioni ya siku ya pili nilikaa na video ile nikaipima kwa rula juu ya kioo, kwa njia nitakayoieleza mbele, nikapata kama mita 160. Kijana alikuwa ameizidisha mara tatu, karani ameipunguza mara tatu. Mzee ndiye aliyetoa ushahidi wenye miguu ya kusimamia, kwa kuwa alilinganisha badala ya kutaja namba.

Nimefundisha hisabati ya sekondari kwa miaka mingi, na tangu siku ile nimekuwa nikiwaonyesha majirani namna ya kutazama ndege. Si mchezo wa kupitisha wakati. Watu wa Bomet na Sotik hawajasahau tarehe 10 Juni 2008, siku ndege ndogo aina ya Cessna 210 iliyotoka Nairobi kuja Kericho ilipoanguka Narok. Alikuwemo Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na mbunge wa Bomet. Alikuwemo Lorna Laboso, mbunge wa Sotik. Walikuwemo rubani na mlinzi. Hakuna aliyenusurika. Ndege ikianguka mahali pasipo na rada wala kamera, wachunguzi huwaendea wachumaji wa chai, wachungaji na watoto waliokuwa njiani kutoka shuleni. Na swali hili halikosi: ilikuwa juu kiasi gani? Uchaguzi mwingine ni tarehe 10 Agosti 2027, na kabla yake helikopta zitajaa tena katika anga letu. Afadhali tujifunze kutazama mapema.

Jambo la kwanza ni kukubali kwamba jicho halipimi kimo. Jicho hupima pembe, yaani nafasi ambayo kitu kinajaza mbele yako. Ndege ndogo iliyo karibu na ndege kubwa iliyo mbali zinaweza kujaza nafasi ileile, na jicho lisijue tofauti. Huku chini akili hujisaidia: unaona barabara, ng'ombe, mabati ya jirani, na unajua ukubwa wa kila kimoja. Ukiinua macho juu ngazi hiyo hukatika. Mwezi ni shahidi. Unapochomoza nyuma ya mashamba huonekana mkubwa kama sinia, na saa sita za usiku huonekana kama sarafu. Ufunike kwa kidole cha mwisho, mkono umenyooka, nyakati zote mbili: kidole kinaufunika na nafasi inabaki, na mwezi haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni majirani zake, yaani miti na vilima vilivyouzunguka.

Kwa hiyo ngazi ya kupimia uibebe mwenyewe, nayo ni kidole gumba chako.

Fanya hivi siku ya mapumziko. Kata fimbo ya mita moja kamili, uisimamishe ukutani. Rudi nyuma ukiwa umenyoosha mkono wote, jicho moja umelifumba, mpaka upana wa kidole gumba uifunike fimbo kutoka chini hadi juu, kidole ukiwa umekilaza. Hapo simama, upime kwa futikamba umbali kutoka ulipo hadi ukutani. Watu wengi hupata kati ya mita 26 na 32. Mimi hupata 29. Hiyo ndiyo namba yako ya maisha, andika mahali. Maana yake ni kwamba kitu chochote kinachofunikwa sawasawa na kidole gumba changu kiko mbali mara 29 ya urefu wake. Ukitaka kipimo kikubwa zaidi, fanya vivyo hivyo kwa ngumi, ambayo kwa kawaida hutoa namba iliyo karibu na sita.

Sasa unahitaji kujua urefu wa ndege yenyewe. Zinazopita huku kwetu si aina nyingi. Helikopta nyingi za kampeni ni za umbo la AS350, ambazo kiwiliwili chake ni karibu mita 11 na duara la panga lake ni karibu hivyo hivyo. Cessna 172, ndege ya wanafunzi wa urubani, ina mabawa ya mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Cessna Caravan, ile ya injini moja puani na magurudumu yasiyokunjwa, inayobeba watalii na wagonjwa, ina mabawa ya karibu mita 16. Dash 8-400 ya abiria, yenye mapangaboi mawili, ina mabawa ya mita 28 na kitu. Ukizikumbuka hizi nne zinakutosha.

Kwa hiyo helikopta ikijaa kwenye kidole gumba changu, iko mbali kama mita 320. Ikijaa ngumi, iko mita 65 hivi, na hapo una haki ya kushtuka. Caravan kwenye kidole gumba iko mita 460. Ile Dash 8 kwenye kidole hichohicho iko mita 800. Ona tofauti hiyo: ukubwa uleule machoni, kidole kilekile, na umbali umezidi mara mbili na nusu. Anayekosea aina ya ndege amekosea kila kitu kinachofuata. Ndiyo maana namsihi mtu atazame kwanza ni ndege gani, ahesabu injini, aone kama mabawa yako juu ya madirisha au chini yake, ndipo apime. Droni nayo imeongeza mkanganyiko. Nyingi za kawaida zina upana wa sentimita thelathini na kitu, na sheria ya Kenya inazizuia kupita futi 400, yaani mita 120. Jioni, dhidi ya anga jeupe, nimeona watu wazima wakiita droni helikopta ya mbali.

Lakini umbali si kimo. Kidole kinakupa umbali wa mshazari kutoka jichoni hadi kwenye ndege. Ikiwa ndege iko utosini, huo ndio kimo chake. Ikiwa imeinama kuelekea upeo wa macho, kimo ni kidogo zaidi. Kwenye pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa macho, kimo ni nusu ya umbali huo. Karibu kila anayekadiria husahau hatua hii.

Pembe yenyewe haihitaji chombo cha dukani. Mwanafunzi wa sekondari anajua pembe ya mwinuko. Mwambie alete kipimapembe kutoka kwenye mkebe wake wa jiometri, afunge uzi wenye nati katikati yake, na hiyo ni timazi kama ya fundi wa mawe. Ukilenga ndege kando ya ukingo ulionyooka, uzi utakuonyesha nyuzi ngapi umeinua, ukihesabu kutoka 90. Kwa wasiotaka hesabu, nimewafundisha namba tatu tu za umbali wa ardhini, si wa mshazari: 27 ni nusu, 45 ni sawa, 63 ni mara mbili. Yaani helikopta ikielea juu ya uwanja wa shule ulio mita 200 kutoka ulipo, na pembe ikawa nyuzi 27, iko mita 100 juu ya usawa wa macho yako. Pembe ikiwa 45, iko mita 200. Ikiwa 63, iko 400. Kata kadibodi ya pembetatu yenye pembe mraba, upande mmoja sentimita 10 na mwingine 20, na tayari unazo pembe mbili kati ya hizo tatu. Umbali hadi uwanjani utaupima baadaye kwa miguu au kwa ramani ya simu. Uwanja hauhami.

Zingatia maneno "juu ya usawa wa macho yako". Katika nchi tambarare kama Ahero, usawa wa macho ni usawa wa ardhi, na hadithi imeisha. Huku kwetu ardhi ni mawimbi. Ukisimama mtoni, mahali akina mama wanapochota maji, na helikopta ikavuka juu ya bonde, unaweza kupima kwa usahihi wote na kupata mita 150. Lakini ikiwa ukingo wa bonde, penye nyumba na shule na waya za umeme, umeinuka mita 80 kutoka mtoni, basi kwa watu wa ukingoni helikopta hiyohiyo imepita mita 70 tu juu yao. Wewe useme ilikuwa juu, wao waseme ilikuwa chini, na nyote mmesema kweli. Ubishi mwingi wa Mogogosiek, Litein na Kapkatet niliousikiliza ulikuwa ubishi wa bonde na ukingo, si ubishi wa macho.

Jambo hilihili ndilo linalowachanganya watu wanaotazama ndege kwenye programu za simu. Namba inayoonyeshwa pale ni mwinuko kutoka usawa wa bahari kwa kipimo cha hewa, na inaweza kukosea kwa futi mia kadhaa. Kericho imeinuka karibu mita 2,000, ambazo ni futi 6,500 na zaidi. Ndege ikionyeshwa iko futi 9,000, juu ya mji wa Kericho imebakiwa na futi kama 2,500 tu. Tena helikopta na ndege ndogo nyingi hazionekani kabisa kwenye programu hizo, kwa hiyo usiseme "haikuwepo" kwa sababu simu haikuionyesha. Umuhimu wa tofauti ya mwinuko na kimo uliandikwa kwa msiba tarehe 5 Juni 2018, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipogonga milima ya Aberdare na watu 10 wote wakafa. Ilikuwa ikiruka karibu futi 11,000 kutoka usawa wa bahari. Ni namba kubwa, lakini ardhi ya pale nayo ilikuwa imefika huko.

Kuna pia ndege ya abiria inayowatia watu wa Kericho wasiwasi bila sababu. Ukichora mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi Kisumu, unapita karibu kabisa na Kericho. Uwanja wa Kisumu uko kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa mita 1,150 hivi, na Kericho iko mita 850 juu yake. Ndege inayojiandaa kutua Kisumu kwa utaratibu wa kawaida, ikishuka mita moja kwa kila mita kumi na tisa hivi inazokwenda mbele, ikifika juu ya Kericho itakuwa imebakiza kama kilomita mbili na nusu kutoka ardhini. Ardhi yetu imeinuka kuipokea. Injini zimepunguzwa nguvu, mlio umebadilika, na mtu aliyezoea kuiona kama uzi mweupe huiona sasa ina umbo na madirisha. Anasema inaanguka. Mfundishe anyooshe mkono: Dash 8 ikiwa kilomita mbili na nusu ni nyembamba kuliko kidole chake cha mwisho.

Sasa niseme njia ninayoiamini kuliko zote, ambayo haina kidole wala nyuzi. Milima inayotusumbua katika hesabu ndiyo inayotusaidia katika ushahidi. Tazama kilichopo nyuma ya ndege.

Ukiwa umesimama shambani na unaona helikopta ikipita, na nyuma yake hakuna anga bali kuna kijani cha mashamba ya mlima wa ng'ambo, basi iko chini ya mlima ule. Haina mjadala. Shika alama: je, ilipita mbele ya kiwanda, mbele ya ule mstari wa mikaratusi, mbele ya kanisa la mabati mekundu? Ikiwa macho yako yameinuka kuelekea pale au yako sawa, mwinuko wa helikopta hauzidi mwinuko wa alama hiyo. Mwinuko wa kiwanda au kanisa mtu anaweza kuutafuta kwenye ramani hata baada ya mwaka. Na ndege ikiwa haijalala upande, ukiona mgongo wake, yaani sehemu ya juu ya mabawa au panga likizunguka chini ya macho yako, wewe ndiye uliye juu yake. Wachumaji wa miteremko mikali wameshaona hivyo, na wengi hawajui kwamba walichoona kina uzito kuliko makadirio yoyote ya mita.

Wingu linatumika vilevile. Kipindi cha mvua, alasiri, wingu huketi juu ya vilima vyetu na kuficha vilele. Ikiwa kilele unachokijua kimemezwa, na ndege bado unaiona, basi ndege iko chini ya wingu na huenda iko chini ya kilele. Hilo ni neno zito kwa mchunguzi.   

Kinyume cha njia hii ni mtego uliomnasa yule mama wa kituoni. Aliona helikopta na vilele vya mikaratusi pamoja machoni, akasema vimegusana. Miti ilikuwa mita 60 kutoka kwake. Helikopta ilikuwa mbali zaidi, nyuma ya miti. Kuonekana pamoja si kuwa pamoja. Swali la kujiuliza ni nani alimfunika mwenzake. Ikiwa majani ya mti yaliificha ndege, ndege ilikuwa nyuma ya mti, na mti haukuambii kitu kuhusu kimo chake mpaka ujue umbali. Ikiwa ndege iliuficha mti, hapo ndege ilikuwa kati yako na mti, na kama hukuwa ukitazama kutoka juu, ilikuwa chini ya kilele chake. Na miti yenyewe ipime siku ya jua: simamisha fimbo yako ya mita moja, upime kivuli chake na kivuli cha mti saa ileile. Kivuli cha fimbo kikiwa nusu mita na cha mti mita 14, mti una mita 28. Ukishajua urefu wa miti miwili au mitatu ya jirani na wa bomba la kiwanda, una rula iliyosimama mwaka mzima.

Kivuli cha ndege nacho kinasema. Meza ya chai, ile sura ya juu ya mashamba iliyosawazishwa kwa kuchumwa, ni kitambaa kizuri cha kuonea kivuli. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi, na kwa sababu hiyo kivuli hufifia kadiri kitu kinavyopanda. Ndege ndogo ikikutupia kivuli cheusi chenye mabawa yaliyochongoka kama yamekatwa kwa makasi, iko chini, kiasi cha mita mia na kitu au pungufu. Ikiwa kivuli ni doa la kijivu lisilo na kingo, imepanda zaidi. Ikiwa jua limekatika mara moja tu na hukuona doa lolote, iko juu zaidi. Nalo panga la helikopta, likianza kuulaza mchai na kurusha majani makavu, ujue haijazidi mara mbili au tatu ya upana wa panga lake. Hapo usipime kitu. Ondoa watoto, fumba macho, shikilia mabati.

Herufi za usajili ni kipimo ambacho sijaona mtu akikitumia huku kwetu. Ndege za Kenya huandikwa 5Y kisha herufi tatu. Kwa kanuni za kimataifa, herufi za chini ya bawa hazipungui sentimita 50 na za ubavuni hazipungui 30. Jicho lenye afya linasoma herufi ya nusu mita hadi kama mita 340, na ile ya sentimita 30 hadi mita 200 hivi. Kwa hiyo ukiweza kuzisoma, umepata vitu viwili kwa mpigo: jina la ndege na uthibitisho kwamba haikuwa mbali. Usiposoma haina maana ilikuwa mbali, pengine ilipita haraka au jua lilikuwa machoni.

Sauti uiweke mwisho. Husafiri kama kilomita moja kwa sekunde tatu, kwa hiyo ndege iliyo juu sana sauti yake hutokea nyuma, mahali ilipokuwa, na iliyo chini huja na sauti yake. Hilo ni sahihi uwandani. Katika mabonde yetu sauti hugonga ukingo na kurudi, na helikopta iliyo ng'ambo inaweza kusikika kama iko juu ya paa. Ukubwa wa kelele usiutaje kabisa kama kipimo cha kimo.

Nirudi kwenye video ya mpwa wangu, kwa sababu simu iko mkononi mwa kila kijana. Siku ya pili tulirudi pale pale aliposimama, na simu ileile, bila kuvuta picha karibu. Tukasimamisha ubao wa mita tatu, mita 30 kutoka kwake, tukaupiga video. Kwenye kioo ubao ulichukua milimita 13. Helikopta, ilipokuwa karibu na utosi wetu, ilikuwa imechukua milimita 9. Kama milimita 13 ni sehemu moja ya kumi ya umbali, milimita 9 ni kama sehemu moja ya kumi na nne na nusu. Zidisha kwa mita 11. Basi. Ni lazima iwe video kwa video, kwa maana simu nyingi hukata picha ya video tofauti na ya kawaida. Na unaporekodi usivute karibu, hata kama ndege ni ndogo. Acha paa, mti au mlingoti uonekane kwenye kona ya picha. Video iliyojaa ndege peke yake ni nzuri kutazama, lakini haipimiki.

Je, chini ni chini kiasi gani kisheria? Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Kenya ni mwanachama, zinamtaka rubani anayeruka kwa kutazama njia awe angalau mita 300 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya mita 600, akiwa juu ya mji, makazi au mkutano wa watu uwanjani. Kwingineko ni mita 150 kutoka ardhini. Anaruhusiwa kuwa chini ya hapo akitua au akipaa, na wapo wanaopewa idhini kwa kazi maalumu. Kwa hiyo usikimbilie kumshtaki rubani kwa kuwa uliona tumbo la helikopta yake. Huenda alikuwa akitua kwenye uwanja wa shule ya jirani. Lakini mkutano wa hadhara ukizungukwa mara tatu, mara nne, kwa mbwembwe, na vipimo vyako vikaonyesha mita 80, hilo liandikwe na lipelekwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya pamoja na video. Waya za umeme zinazokatiza mabonde hazionekani vizuri kutoka angani, na helikopta ikigonga waya juu ya umati hakuna atakayepata nafasi ya kukimbia.

Ikitokea ajali, Mungu atuepushe, kumbuka kwamba shahidi mkweli hukosea. Ndege ya American Airlines nambari 587 ilipoanguka New York tarehe 12 Novemba 2001, wachunguzi wa Marekani walikusanya maelezo ya mashahidi 349. Asilimia 18 walisema ilipinda kulia, na asilimia 18 wengine wakasema ilipinda kushoto. Hawakuwa waongo. Walikuwa wameulizwa jambo ambalo jicho halikulihifadhi, na akili ikajaza pengo. Pengo hilo hujazwa zaidi watu wakikaa kwenye duka na kusimuliana. Kabla hujasikiliza simulizi ya jirani, andika yako: saa, ulikuwa umesimama wapi, ndege ilitokea upande gani na kuelekea wapi, ilipita mbele ya nini au nyuma ya nini, ilikuwa kubwa kuliko kidole gumba au ndogo, mlio ulikuwa mmoja au ulikatika, wingu lilikuwa limefika wapi mlimani. Mabaki ya ndege usiyaguse wala usiyahamishe, isipokuwa unamwokoa mtu. Waite polisi, mwite chifu.

Ukiulizwa kimo, usitaje mita kwanza. Sema ulichokiona: "Niliiona mbele ya kiwanda, na kiwanda kilikuwa juu ya macho yangu." Mchunguzi atarudi nawe mpaka pale, atapima mwenyewe, na atapata jibu ambalo hakuna wakili atakayelipangua. Ila hawezi kulipata bila kujua miguu yako ilikuwa wapi. Mashamba ya chai yanafanana, na baada ya siku tatu mstari mmoja wa michai hauna tofauti na mwingine. Basi kabla hujaondoka, chomeka kijiti mahali uliposimama.